Sura ya Saba: Kutangulia Ndiko Kufika

Wahenga walisema kutangulia si kufika. Hawakuwahi kukutana na marubani wa mashirika makubwa ya ndege ya Marekani. Kwa watu wale kutangulia ndiko kufika, na njia nyingine hakuna.

Siku rubani anapoajiriwa hupewa namba. Namba hiyo ni nafasi yake kwenye orodha moja ndefu ya marubani wote wa shirika, kuanzia yule aliyeingia zamani kuliko wote mpaka yule aliyeingia jana. Wakiajiriwa wengi siku moja, kuna utaratibu wa kuwapanga: mashirika mengine hutazama umri, mengine tarakimu za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii. Baada ya hapo kila kitu ni namba. Ndege utakayorusha, mji utakaokuwa kituo chako, Krismasi utakayokula nyumbani au utakayokula peke yako hotelini Cleveland, mwaka utakaohamia kiti cha kushoto, yaani kiti cha kapteni: yote yanafuata foleni. Ukishafaulu mitihani yako, hakuna anayeuliza wewe ni hodari kiasi gani. Aliyeajiriwa Jumanne yuko nyuma ya aliyeajiriwa Jumatatu, na atabaki nyuma yake mpaka mmoja wao astaafu.

Wapo wanaouona utaratibu huu kuwa wa kijinga. Mimi siuoni hivyo. Yeyote aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ambamo mpwa wa bosi alipandishwa cheo miezi sita baada ya kuja ataelewa kwa nini chama cha marubani hupigania orodha hiyo kuliko kinavyopigania mshahara. Orodha haina mjomba.

Ila orodha hiyo hiyo, siku mambo yakiharibika, husomwa kutoka chini. Wa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kutoka. Na hapo ndipo penye jambo ambalo Kiswahili hakina neno lake moja. Si kufukuzwa, kwa sababu jina lako linabaki kwenye orodha na namba yako hapewi mtu. Si likizo pia, kwa sababu mshahara umekatwa, bima ya afya ya familia inaelekea kukatika, na hakuna aliyekutajia siku ya kurudi. Nitasema rubani "amewekwa kando", na siku shirika linapomhitaji tena, "ameitwa". Kuitwa nako ni kwa foleni: wa mwisho kuwekwa kando ndiye wa kwanza kuitwa.

Walioonja machungu ya foleni hii kuliko wengine ni waliokuwa mkiani mwake Septemba 2001. Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 anga la Marekani lilifungwa kwa ndege za abiria, na lilipofunguliwa abiria wengi hawakurudi. Mashirika yaliweka kando marubani kwa maelfu. Watu walijipa mwaka mmoja, labda miwili. Mwaka 2007, wakati wengine walikuwa wameanza kuitwa, Bunge la Marekani lilipandisha umri wa kustaafu kwa marubani wa mashirika kutoka miaka 60 hadi 65. Sheria ilitiwa saini Desemba. Wazee waliokuwa wanakaribia kuondoka juu ya foleni wakapata miaka mitano zaidi ya kukaa, na foleni nzima ikasimama kama daladala mbele ya treni. Julai 2008 pipa la mafuta ghafi likawa juu ya dola 140, benki zikaanguka mwaka huo huo, na shoka likashuka tena. Shirika la United peke yake liliweka kando marubani 1,437 katika wimbi hilo, na miongoni mwao walikuwemo waliokuwa wameshawekwa kando mara ya kwanza baada ya 2001, wakaitwa, wakashona upya vifungo vya koti, wakatolewa tena. Kuna marubani wa Marekani waliosubiri zaidi ya miaka 10 kati ya safari yao ya mwisho na barua ya kuwaita.

Msomaji atauliza: kwa nini mtu asubiri miaka 10? Si atafute shirika lingine? Hapa orodha inaonyesha meno yake. Namba haihamishiki. Kapteni mwenye saa 15,000 angani akihamia shirika jingine huanzia mkiani, nyuma ya kijana aliyeajiriwa wiki iliyopita. Kwa hiyo aliyewekwa kando hufanya hesabu ya mpangaji aliyelipa kodi ya miaka mingi: akiondoka, amepoteza. Wengine walikwenda Asia na Ghuba kurusha ndege kwa mkataba, wengine wakarudi jeshini, wengine wakauza nyumba na kuendesha malori, huku namba ikikaa Chicago au Dallas kama shamba lililoachwa kwa ndugu. Barua ilipokuja, mikataba mingi iliruhusu kumjibu mwajiri: bado kidogo, mwite anayefuata. Walikuwepo waliojibu hivyo mara kadhaa, kwa sababu huko waliko walikuwa tayari makapteni na watoto wako shule.

Halafu ikaja 2020, na janga la korona. Tarehe 14 Aprili mwaka huo, abiria waliopita kwenye ukaguzi wa viwanja vyote vya ndege vya Marekani hawakufika 90,000. Siku kama hiyo mwaka uliotangulia walikuwa zaidi ya milioni 2. Serikali ilikwisha kupitisha sheria ya msaada tarehe 27 Machi: mashirika yalipewa fedha za kulipa mishahara, kwa sharti kwamba asiwekwe mtu kando kabla ya tarehe 30 Septemba. Tarehe 1 Oktoba, sharti lilipokwisha, shirika la American liliweka kando wafanyakazi wapatao 19,000, marubani kama 1,600 wakiwemo, na United zaidi ya 13,000, ingawa marubani wa United walijiokoa siku za mwisho kwa kukubali kugawana saa chache zilizokuwepo. Delta iliwaomba wazee waondoke mapema kwa kiinua mgongo, na marubani karibu 1,800 wakakubali. Desemba 27 sheria ya pili ya msaada ilitiwa saini, ikiwa na masharti ya kuwarudisha waliotolewa na kuwalipa kuanzia tarehe 1 ya mwezi huo.

Kwetu mwaka ule ulikuwa na sura nyingine. Kenya ilisimamisha safari za abiria za kimataifa Machi 25, Tanzania Aprili 12 hadi Mei 18, Entebbe haikufunguliwa kwa abiria mpaka Oktoba 1, na marubani wengi wa eneo hili walilijua janga kupitia mshahara uliokatwa. Kule Ghuba, ambako marubani wa kigeni hufanya kazi kwa mkataba na vyama vya wafanyakazi haviruhusiwi katika Falme za Kiarabu, mamia waliachishwa bila namba yoyote ya kushika. Nalitaja hilo ili ionekane kwamba hata kuwekwa kando ni daraja lake. Kuna anayeambiwa subiri na kuna anayeambiwa kwaheri.

Sasa tumchukue rubani mmoja wa American. Simpi jina, maana ni wa mfano tu, nimemuunga kutokana na mamia waliofanana naye. Ana miaka 41. Aliajiriwa 2018 baada ya miaka mingi kwenye mashirika madogo yanayolisha makubwa. Mara ya mwisho kushika ndege ilikuwa Machi 2020, kisha safari zikafutwa moja baada ya nyingine, kisha ikaja Oktoba. Amekuwa akiendesha gari la kusambaza vifurushi. Mwaka mpya wa 2021 umeingia na ameitwa. Mshahara umerudi kabla yeye mwenyewe hajarudi, kwa sababu kati ya kuitwa na kurusha ndege kuna kazi ambayo abiria haioni.

Kwanza daktari. Rubani wa Marekani aliyefikisha miaka 40 hupimwa kila miezi sita ili cheti chake cha daraja la kwanza kibaki hai. Aliye chini ya hapo, kila mwaka. Shinikizo la damu, macho, moyo, na maswali kuhusu usingizi na huzuni ambayo marubani wengi huyajibu kwa uangalifu mkubwa, wakijua kwamba jibu moja la kweli linaweza kuwaweka chini kwa miezi mingine. Mtu aliyekaa miezi mingi bila kuruka, akihesabu akiba ya benki, anaulizwa kama amekuwa na wasiwasi. Sijui anayebuni fomu hizo anatarajia nini.

Pili, ndege yenyewe. Mwaka ule wa 2020 shirika lake lilistaafisha Boeing 757, 767, Airbus A330 na Embraer 190. Aliyekuwa anarusha moja ya hizo harudi kwenye kiti chake. Anajifunza ndege mpya tangu vitabu vya mfumo wa umeme. Wetu ana bahati, yeye ni wa Boeing 737, na 737 zipo. Nazo zilikuwa zimewekwa kando pia. Ndege za dunia zilipelekwa jangwani, Marana kule Arizona, Victorville kule California, Teruel huko Hispania, Alice Springs huko Australia, ambako hewa kavu haileti kutu haraka. Matundu ya kupimia kasi yalifungwa wadudu wasijenge ndani. Huko Victorville mafundi wa Qantas waliotunza A380 walikuwa na mpini wa ufagio wa kugonga magurudumu kabla ya kuyakagua, kwa sababu nyoka wenye kengele mkiani walipenda kulala humo. Na kutu ilifika hata hivyo: Julai 2020 mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza ukaguzi wa dharura wa vali fulani ya hewa kwenye injini za 737 zilizokaa siku saba au zaidi bila kuruka, baada ya taarifa nne za injini kuzimika. Siku saba tu. Binadamu wetu amekaa karibu mwaka.

Kutu ya binadamu haionekani kwa macho, na mwenye nayo huwa wa mwisho kuigundua. Sheria inasema rubani wa shirika lazima awe amepaa mara tatu na kutua mara tatu katika siku 90 zilizopita. Ni kiwango cha chini sana, cha kuzuia mtu asiharibikiwe kabisa. Haya yaliyobaki hayana kipimo. Mkono wa rubani aliyezoea hupita juu ya swichi za dari kwa mpangilio mmoja, kama mama anavyosonga ugali akizungumza na jirani. Mkono unajua, kichwa kinafikiria hali ya hewa. Baada ya mwaka, mkono unafika katikati ya dari na kusimama. Unajua kuna kitu kinafuata. Hukumbuki ni kipi. Unatoa kitabu, unasoma, unabonyeza, na ukirudisha macho mbele redio imeshakuita mara mbili.

Dalili zilionekana mapema. IATA, umoja wa mashirika ya ndege duniani, ulihesabu kwamba kabla ya janga ndege 13 au 14 kati ya kila 1,000 zilikaribia kutua bila utulivu unaotakiwa, ama juu mno, ama kwa kasi mno, ama kwa matayarisho yaliyochelewa. Mei 2020 zilikuwa zaidi ya 35. Kutu ilichangia, ila mbingu tupu nazo zilichangia kwa namna ambayo mimi naona inapendeza kuieleza. Rubani hupanga kushuka kwa hesabu rahisi: kila futi 1,000 za kushuka hutaka maili 3 za baharini. Ukiwa futi 35,000, anza kushuka maili 105 kabla, ongeza kidogo za kupunguza mwendo. Siku za msongamano muongozaji ndege anakuzungusha, unapata maili za ziada bila kuziomba. Siku zile hapakuwa na msongamano. Muongozaji, kwa wema kabisa, anakwambia njoo moja kwa moja. Maili 30 zimefutwa kwa sentensi moja. Rubani aliyeruka jana angekataa au angetoa breki za mabawa papo hapo. Aliyekaa miezi mitatu anasema asante, kisha anagundua kwamba uwanja uko mbele yake na yeye bado yuko juu kama kunguru.

Kwa hiyo rubani wetu anapelekwa Fort Worth, Texas, kwenye kituo cha mafunzo cha shirika, kuingia simuleta. Kwa nje ni sanduku jeupe lisilo na madirisha, limesimama juu ya miguu sita inayorefuka na kufupika. Unaingia kwa kidaraja, kidaraja kinanyanyuliwa, na ndani ni chumba cha marubani cha 737, kila swichi mahali pake, na dirishani kuna usiku wa Chicago wenye mvua. Mkufunzi amekaa nyuma yako na kioo cha kompyuta. Ana uwezo wa kukuharibia maisha kwa kidole kimoja, na ndiyo kazi yake.

Zoezi linalosubiriwa na wote ni lile la injini kufa wakati wa kupaa. Ndege inakimbia barabarani. Kuna kasi moja ambayo mwenzako huitamka kwa sauti: kabla yake unaweza kufunga breki ukasimama kabla lami haijaisha, ukishaipita, unaruka, liwe na liwalo. Mkufunzi anasubiri kasi hiyo itamkwe, kisha anaua injini ya kushoto. Pua inavutwa kushoto kana kwamba kuna mtu amekamata bawa. Mguu wa kulia unatakiwa ukanyage pedali, upande wa injini iliyo hai, kiasi cha kurudisha pua katikati ya barabara na si zaidi. Mguu wa rubani wetu unakanyaga. Umechelewa kidogo, halafu unazidisha. Pua inavuka mstari kwenda kulia, anarudisha, inavuka kushoto. Ndege inapaa ikiyumba kama mlevi anayejua njia ya kwao. Kengele inalia. Na hapa kinakuja kishawishi ambacho wakufunzi wote hukiogopa: mikono kutaka kufanya kitu haraka. Februari 2015, Taipei, marubani wa ndege ya TransAsia waliopoteza nguvu ya injini moja walizima ile nzima, na watu 43 wakafa. Ndiyo maana simuleta hufundisha kukaa kimya kwanza. Rusha ndege. Kunja magurudumu. Panda. Kisha, mkono mmoja ukiwa juu ya swichi na mwenzako akithibitisha kwa macho na kwa mdomo kwamba ndiyo yenyewe, ndipo uzime.

"Tena," anasema mkufunzi, na barabara inarudi mbele ya dirisha kama hakuna kilichotokea.

Mara ya tatu mguu umefika kwa wakati wake. Hakuna aliyepiga makofi. Mkufunzi ameweka alama kwenye karatasi na kuleta ukungu Boston. Rubani wetu amelowa mgongo mzima katika chumba chenye kiyoyozi, na kwa mara ya kwanza tangu arudi hakufikiria ule mguu, ulikwenda wenyewe.

Marubani waliopita hapo husema ugumu wa kurudi haukuwa mtihani. Ni kukaa tena kwenye kiti cha mwanafunzi mbele ya mtu ambaye huenda ni mdogo kwako, anayekusahihisha jinsi ya kusema jambo ulilolisema mara elfu. Waliokuwa na unafuu, nadhani, ni wale waliokubali tangu siku ya kwanza kutamka: hapa sina uhakika, nisubiri. Marekani ina mfumo wa taarifa za siri unaoendeshwa na NASA tangu 1976, ambako rubani anaandika kosa lake mwenyewe bila jina lake kutangazwa, na katika miezi ile waliandika: nilisahau hiki, nilichelewa kile, sikuwa nimeruka muda mrefu. Mtu aliyelelewa kumficha daktari anaandika kwamba amesahau. Hilo naliheshimu kuliko kutua kwa mulua.

Safari ya kwanza yenye abiria hufanywa pamoja na kapteni mkaguzi. Abiria 160 wanaingia wakiwa na barakoa, wanatafuta nafasi ya mabegi, na hakuna anayejua. Sare imebana kiunoni. Kwenye orodha ya ukaguzi anasoma kila mstari kwa sauti iliyo juu kidogo kuliko inavyohitajika. Wanapaa. Wanafika juu ya mawingu, na kuna ile dakika ambayo kila rubani anaijua, jua linapoingia ghafla na kuangaza vumbi juu ya paneli. Kapteni mkaguzi anashusha kivuli cha dirisha na kuuliza kama anataka kahawa.

Anatua vibaya kidogo, ndege inagusa, inainuka kiasi cha unene wa kitabu, inagusa tena. "Ni nzuri," anasema kapteni, ambaye ameona mbaya zaidi wiki hiyo hiyo.

Wakati huo orodha nayo ilikuwa inasogea, na kwa kasi ambayo kizazi cha 2001 hakikuiona. Wazee waliostaafu mapema walikuwa wameondoka juu ya foleni za mashirika mbalimbali. Fikiria umelala ukiwa mtu wa 11,000, ukaamka mtu wa 9,500. Kufikia kiangazi cha 2022 mashirika yalikuwa yanafuta safari kwa kukosa wafanyakazi, marubani wakiwemo, yale yale yaliyolipa watu waondoke miaka miwili kabla. Machi 2023 marubani wa Delta walipata mkataba wa nyongeza ya mshahara ya asilimia 34 kwa miaka minne, na mashirika mengine yakafuata. Waliosubiri miaka 10 mwanzoni mwa karne walitazama wenzao waliosubiri miezi mitatu wakipanda, na sijasikia hotuba ya chama iliyoweza kuwafariji. Foleni ni ile ile. Nani alizaliwa wakati gani, hilo halikuandikwa kwenye mkataba.

Rubani wetu anamaliza na kapteni mkaguzi, anasainiwa, na jioni anafungua simu kuangalia ratiba ya mwezi unaofuata. Pamoja na yote, namba yake bado ni ya mkiani. Wa juu wamechagua safari zao, wa kati wamechagua, na kilichobaki kwa watu wa namba zake ni zamu ya akiba. Rubani wa akiba hana safari. Anatakiwa awe karibu na uwanja, mkoba umefungwa, sare imepigwa pasi na kutundikwa mlangoni, awe tayari kufika ndani ya saa mbili mwenzake akiugua au dhoruba ikivuruga ratiba. Usiku ule anaweka simu kwenye meza ya kando ya kitanda, kioo kikitazama juu, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Mwenzake wa ndoa anaitazama simu ile, kisha anamtazama yeye.

"Kwa hiyo," anamuuliza, "sasa tunasubiri wakuite?"

"Ndiyo," anasema rubani, na kuzima taa.